Siri ya Mtungi

Swali huja wakati wa chakula cha mchana. Tunakula kwenye kibanda kilicho nyuma ya maghala, Industrial Area, na kila habari ya teknolojia inapovuma mimi ndiye ninayegeukiwa, maana mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Nyaya za intaneti zilipokatika baharini Mei 2024 na mtandao ukaanza kuchechemea, niliulizwa kama ni papa aliyezitafuna. Miezi miwili baadaye sasisho bovu la programu ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, abiria wakakwama kwenye viwanja vya ndege, nikaulizwa kama vita vimeanza. Hayo hujibika kabla ugali haujapoa.

Lakini kuna swali moja linalorudi kila baada ya wiki chache, habari iwe gani: "Hawa watu husoma meseji zetu?"

Kuna siku dereva wetu aliliuliza na likaleta kimya. Ilikuwa 2023. Marekani kulikuwa kumetangazwa kwamba Ring, kampuni ya kamera za nyumbani, italipa dola milioni 5.8 kumaliza kesi ya faragha. Kati ya madai yaliyokuwemo, mfanyakazi wake mmoja alikuwa amekaa miezi kadhaa akitazama maelfu ya video za wateja wanawake, nyingine kutoka vyumbani mwao. Dereva alitaka kujua kama hata huku kwetu hawa watu wanaweza.

Nikamwambia shida iko kwenye hilo neno "hawa watu". Kampuni haina macho. Anayeona ni mtu, ameajiriwa, ana jina, ana kikombe chake cha chai mezani.

"Mtu kama wewe?"

"Kama mimi."

"Kwani wewe unaweza kusoma barua pepe yangu ya kazini?"

Nikasema ndiyo. Meza yote ikanyamaza. Mtu mmoja, sitamtaja, alirudisha chapati sahanini.

Basi niseme wazi ninachoweza kuona, kwa sababu watu hukosea pande zote mbili. PIN yako ya M-Pesa siioni. Mazungumzo yako ya WhatsApp siwezi kuyasoma nikiwa kwenye mtandao wa ofisi. Yanafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzako, na mimi niliye katikati naona bahasha tu. Lakini barua pepe za kazi zinakaa kwenye sava ninayoisimamia. Mafaili ya idara zote yako humo. Kompyuta ya ofisi ikitafuta tovuti yoyote, jina la tovuti linapita mikononi mwangu, na mara nyingi jina peke yake linatosha: anayetafuta kazi kwingine anajulikana, anayecheza kamari anajulikana, anayesoma kuhusu ugonjwa fulani kila saa ya chai anajulikana. Nywila yako siijui, mfumo wenyewe hauihifadhi kama ulivyoiandika. Ila siihitaji. Naweza kuingia bila kubisha hodi na kutoka bila kuacha nyayo, na kama nyayo zimebaki, mwenye ufagio ni mimi.

Waliobuni mfumo wa Unix waliita akaunti ya namna hii root, yaani mzizi. Mwenye mzizi hana mlango unaomkatalia. Kwenye mitambo mingi, ukitumia uwezo huo kwa mara ya kwanza kupitia amri iitwayo sudo, mashine hukupa mawaidha matatu kama mzee anayemkabidhi kijana kisu: heshimu faragha ya watu, fikiri kabla ya kuandika, jua kwamba uwezo mkubwa una wajibu mkubwa. Halafu inakuomba nywila. Kesho yake hairudii tena. Ni mara moja tu, na wengi wetu tuliyapita mawaidha hayo tukiwa na haraka ya kuona kama amri inafanya kazi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Nimekuwa kata kwa miaka kumi na mmoja sasa. Tofauti ni kwamba kata haina macho, wala haina mshahara, wala haili chakula cha mchana pamoja na mtungi.

Kiswahili kimetusaidia hapa, kwa sababu kina maneno tofauti kwa mambo ambayo sheria huyaweka kapu moja. Kuona ni jambo linalokupata. Umekaa kwenye matatu ya kwenda Rongai, jirani amewasha simu mwangaza wote, na kabla hujajua umeshasoma kwamba mtu fulani hatakuja leo na asipigiwe tena. Umeona. Macho hayana pazia. Kutazama ni jambo unalolifanya: umeona, na sasa unasubiri jibu lije ulisome pia. Kuchungulia ni hatua ya tatu: jirani ameinamisha simu kwa sababu amekuhisi, na wewe unajifanya unatafuta mkanda ili shingo ipate sababu ya kupinda.

Kwa miaka mingi maadili yangu yote ya kazi yalikuwa hayo. Kuona, sawa, haikwepeki. Kutazama, hapana. Kuchungulia, mtu afukuzwe. Niliwafundisha hivyo vijana wa mafunzo kazini na nilijiona mtu safi.

Na kwa kweli habari za ulimwengu zilinisaidia kujiona safi, maana wachunguliaji hawaishi. Mwaka 2013 mkaguzi mkuu wa shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, alimwandikia seneta mmoja barua akitaja visa 12 tangu 2003 ambapo wafanyakazi walitumia mitambo ya kijasusi kwa mambo yao wenyewe, mengi yakiwa ya mapenzi. Kimoja sikisahau. Mtu mmoja alipewa ruhusa ya kutumia mtambo, na siku ileile ya kwanza akatafuta anwani sita za barua pepe za aliyekuwa mpenzi wake. Alipoulizwa alisema alikuwa anafanya mazoezi. Siku ya kwanza! Hata chai ya kukaribishwa hajamaliza. Na kisa hicho angalau kilijulikana kwa ukaguzi. Baadhi ya hivyo vingine vilijulikana kwa sababu wahusika walikiri wenyewe. Mimi nikisoma hivyo nawaza wale ambao hawakukiri.

Mwaka huohuo, kabla ya barua hiyo, Edward Snowden alikuwa ametoa nyaraka za NSA kwa waandishi wa habari. Wengi humkumbuka kama jasusi. Sisi wa fani tunakumbuka kwamba aliwahi kuwa msimamizi wa mifumo, alikuwa kata. Miezi miwili baada ya hapo mkuu wa shirika hilo alitangaza mpango wa kupunguza wasimamizi wa mifumo kwa takriban asilimia 90 na kazi zao zifanywe na mashine. Kuna Ijumaa ya mwisho ya Julai inayoitwa siku ya kuwashukuru wasimamizi wa mifumo, imekuwepo tangu mwaka 2000. Tangazo lile lilikuja Agosti. Nilicheka, halafu sikucheka.

Sheria ipo, sisemi haipo. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano. Sheria ya Kulinda Data ilikuja 2019. Wenye pesa huweka pia kanuni ya watu wawili, kwamba mlango mzito usifunguliwe na mtu mmoja. Lakini kampuni yenye wafanyakazi tisini ina mtu wa kompyuta mmoja. Wa pili nitamtoa wapi? Wa pili ni mlinzi wa usiku, na yeye ana daftari lake.

Hilo daftari nalo ni jambo. Ingia jengo lolote katikati ya jiji: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kwa nani, saa ngapi, sahihi. Wakati unaandika, unasoma wa juu yako wote. Nenda saiba yoyote mwezi wa Juni, watu wamepanga foleni kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30, na kijana wa saiba ana kitabu chenye namba za PIN na nywila za mtaa mzima, kwa sababu wateja walimwomba awawekee wasije wakasahau. Fundi wa simu anakwambia acha simu, njoo saa kumi, na umwandikie namba ya kufungulia kwenye kikaratasi kilichobandikwa mgongoni mwa simu. Keateka wa ploti ana ufunguo wa ziada. Nchi hii inaendeshwa na makata. Na sehemu kubwa ya watu hao, nina hakika, hawachungulii, si kwa kuogopa Ibara ya 31 bali kwa sababu wana kazi nyingi na siri za watu zinachosha.

Nilikuwa nikiyasema haya yote kwa kujiamini hadi lile jambo la orodha.

Ilikuwa mwaka ambao biashara ilibana. Meneja mmoja alinipigia asubuhi: faili lake limeharibika, halifunguki, na analihitaji kabla ya saa nne kwenye mkutano. Hii ni kazi ya kawaida kabisa. Kila usiku sava huchukua nakala ya akiba ya kila kitu. Mimi naenda kwenye nakala ya jana, natoa faili, namrudishia. Nilifanya hivyo. Kabla ya kumtumia nililifungua kuhakikisha linafunguka.

Lilifunguka. Yalikuwa majina kumi na saba, idara, tarehe ya kuajiriwa, na safu ya mwisho yenye hesabu. Nilihitaji sekunde mbili kuelewa zile hesabu ni za nini. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amlipe kila mmoja mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mtu alikuwa amezidisha siku 15 kwa miaka, kwa kila jina. Jina la nne lilikuwa la rafiki yangu wa mauzo, jamaa ambaye tuliajiriwa wiki moja, ambaye watoto wake wananiita anko.

Nikafunga. Nikatuma. Meneja akajibu kwa neno moja, asante.

Siku tatu baadaye rafiki yangu alikuja mezani kwangu na fomu ya Sacco. Alikuwa amepata kiploti Kitengela, muuzaji hasubiri, anakopa. Alihitaji wadhamini watatu, wawili amepata. "Wa tatu ni wewe, ndugu yangu. Wewe hata sikuombi, nakuletea tu kalamu."

Msomaji asiyejua Sacco aelewe: kudhamini si kumsifu mtu. Unaweka akiba yako nyuma ya deni lake. Asipolipa, Sacco inachukua akiba yake kwanza, na salio linawageukia wadhamini.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua kwamba mshahara utakaolipa mkopo huo una miezi miwili ya kuishi, labda mitatu. Yeye hakujua. Nilijua kwa sababu tu ya kazi yangu. Na nilikuwa nimejiwekea sheria kwamba nilichokiona kwa kazi hakitoki.

Nilimwambia mambo yangu yamebana. Ada za shule, nikasema, na nimeshadhamini wengine, Sacco haitanikubali. Vyote viwili uongo. Alinitazama kidogo, akasema hakuna shida, akaondoka na fomu yake. Nikamwambia akiwa mlangoni, "Lakini hii ploti huwezi kungoja kidogo? Mwisho wa mwaka bei hushuka." Akacheka. Bei ya ploti Kitengela ishuke?

Mdhamini wa tatu alikuwa mama wa stoo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye kudhamini kila mtu kwa sababu hajui kukataa. Mkopo ulitoka. Notisi zilitoka wiki tano baada ya hapo.

Nimelisimulia jambo hili kwa watu wawili, nikificha majina. Mmoja ni mwenzangu wa fani, anasimamia mifumo mahali pengine. Alisema ulifanya sawa, ulikaa kimya, siri ya mwajiri si yako. Wa pili ni mke wangu. Alisema ungemwambia rafiki yako hata kwa kumkanyaga mguu chini ya meza. Kazi gani inayomfanya mtu amwache mwenzake atumbukie shimoni na yeye analiona? Nilikaa na majibu hayo mawili muda mrefu nikiyapima, kumtii mwajiri huku na urafiki kule, na ninaona sasa kwamba nilipenda kuyapima kwa sababu yote mawili yalinifanya nionekane mtu aliyeteseka kati ya wajibu na wajibu.

Ukweli ni mwepesi kuliko huo na ni mbaya zaidi. Sikukaa kimya. Ningekuwa kweli nimefungwa na siri, ningeweka sahihi. Mtu ambaye hakuona orodha angeweka sahihi bila kusita. Alikuwa rafiki yangu, alikuwa na kazi, alikuwa hajawahi kuchelewesha deni. Kukataa kwangu kulitoka kwenye lile faili moja kwa moja. Niliificha siri kwa kila mtu isipokuwa mfuko wangu. Kwenye soko la hisa jambo hili lina jina na ni kosa: aliye ndani ya kampuni akijua hesabu ni mbaya kabla ya wengine, akauza hisa zake kimyakimya, hatuiti uaminifu eti kwa kuwa hakumwambia mtu. Mwenye kununua hisa hizo kuna mahali yupo. Kwangu mimi alikuwa mama wa stoo.

Nilimwambia haya yule mwenzangu wa fani. Akauliza, kwa hiyo ungeweka sahihi upoteze akiba yako ukijua kabisa? Nikasema sijui. Akasema basi unataka maadili ambayo hakuna mtu anayeweza kuyaishi. Labda. Lakini kuhani hushika ungamo na kesho yake anamsalimu mwenye dhambi kana kwamba hakusikia. Hiyo ndiyo bei ya kukaa kwenye kile kiti. Daktari anayejua ugonjwa wa jirani haruhusiwi kwenda kumwonya binti yake asiolewe nyumba ile. Kuna kazi ambazo maarifa yake hayawi yako hata kidogo, hata ya kukukinga wewe. Sisi wa kompyuta tumepewa uwezo wa kazi hizo bila kiapo chake, bila joho, bila hata ile siku moja ya kusimama mbele ya watu. Tulipewa nywila kwenye karatasi ya manjano.

Na kulikuwa na njia ya tatu, ambayo wakati ule sikuiona kwa kuwa nilikuwa nashughulika kujilinda. Ningerudi kwa meneja. Ningesema: faili ulilonituma nirudishe nimeliona ndani, samahani, naomba ujue kuna watu kwenye orodha hiyo wanachukua mikopo na wenzao wanawadhamini, kama mmeamua, waambieni. Angenikasirikia pengine. Pengine jina langu lingekuwa la kumi na nane. Lakini siri ingebaki kwa mwenyewe na uzito ungebaki kwa mwenyewe, badala ya mimi kuubeba nusu na kumtwisha nusu nyingine mtu asiyejua amebeba nini.

Hapa namkumbuka Terry Childs, ambaye katika fani yetu hutajwa kwa kicheko. Alisimamia mtandao wa serikali ya jiji la San Francisco. Mwaka 2008 wakubwa wake walimtaka atoe nywila, akakataa, akisema hawastahili kuwa nazo. Akakamatwa. Mtandao uliendelea kufanya kazi vizuri tu wakati yeye yuko ndani, hakuuharibu. Alikataa tu kutoa funguo, hadi meya Gavin Newsom alipomwendea jela, akampa yeye mwenyewe. Alihukumiwa miaka minne mwaka 2010. Zamani nilimwona mwendawazimu: alidhani funguo ni zake. Sasa naona kwamba kosa lake na langu ni ndugu. Yeye alichukua funguo akazifanya zake. Mimi nilichukua kilichokuwa nyuma ya mlango. Kwa Snowden mtu anaweza kubishana mchana kutwa kama alifanya haki. Mimi nadhani kwa sehemu kubwa alifanya. Lakini angalau alichokiona alikitoa wazi, na kikamgharimu yeye.

Sasa niliungame na lile lililobaki, maana nimeandika hapo juu kwamba nililifungua faili "kuhakikisha linafunguka", na msomaji wa fani yangu ameshainua nyusi.

Kuna namna ya kuhakikisha faili ni zima bila kulifungua. Siku nakala inapochukuliwa, mashine hufanya hesabu juu ya kila faili na kuhifadhi jibu lake, mfululizo wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole. Faili likibadilika hata kwa herufi moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Ukirudisha faili unalinganisha alama mbili. Zikilingana, faili ni lile lile, mpe mwenyewe. Hakuna haja ya kuona neno hata moja. Sava yetu ilikuwa ikihifadhi alama hizo kila usiku. Mimi ndiye niliyeiwekea utaratibu huo.

Na faili lilikuwa na jina. Sitaliandika, lakini lilikuwa na neno ambalo kila mfanyakazi wa nchi hii, akiliona, hukaa wima.

Kwa hiyo nilipoona, au nilipotazama, au nilipochungulia, ilikuwa ipi? Mkono ulibonyeza mara mbili kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, hilo ni kweli. Jina lilikuwa pale kabla mkono haujabonyeza, hilo nalo ni kweli. Nimejaribu kukumbuka nafasi iliyokuwa kati ya hayo mawili na siipati. Ngazi zangu tatu nzuri, nilizowafundisha vijana, zinafaa sana kwenye matatu. Mbele ya sava mtu anazishuka zote kwa sekunde moja na mkono hauulizi uko ngazi ya ngapi.

Tangu hapo nimebadilisha mambo kadhaa. Sifungui faili la mtu, nalinganisha alama. Majina ya mafaili ya wakubwa siyaoni tena, wanayaweka ndani ya folda iliyofungwa kwa ufunguo wao, nami narudisha folda nzima bila kujua kilichomo. Ilibidi niombe. Nilimwambia bosi nataka uwezo wangu upunguzwe, akanitazama kama mtu aliyeomba apunguziwe mshahara. "Sasa kukitokea tatizo usiku nani atafungua?" Nikamwambia wewe. Hakupenda, lakini ufunguo anao.

Rafiki yangu aliondoka na malipo yake. Biashara aliyofungua haikushika, mkopo ukalala. Bado tunaongea, ingawa si kama zamani, na hajawahi kuniuliza kwa nini nilikataa ile fomu. Nadhani alijua siku ile notisi ilipotoka. Alinitumia meseji moja tu jioni ile: "Kumbe bei ya ploti." Sikumjibu.

Mama wa stoo anakatwa kila mwezi. Wiki iliyopita alisahau nywila yake, akaja kwangu kubadilishiwa. Nilimwandalia akaunti, nikamsogezea kibodi, nikageukia dirishani wakati anaandika, kama ninavyofanya kwa kila mtu. Anaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwa hiyo nilisimama pale muda. Akasema, "Kijana wangu, unageuka nini? Mimi sina cha kuficha." Halafu akaanza kunieleza habari za makato, kwamba yataisha Desemba Mungu akipenda, kwamba hana kinyongo, mtu hawezi kujua ya mbele.

Nimeanza kumrudishia sehemu, kwa njia ambayo hajaitambua. Nimemwambia mtunza hazina wa Sacco ni mchango wa wafanyakazi. Hata hilo ni uongo mwingine na ninalijua. Nimeiandika hii kwa jina langu. Mwanawe anasoma gazeti hili la mtandaoni, aliniambia mwenyewe.